Deni la Mwenye Ghala

Ghala la muuza pembejeo hukusanya mahali pamoja vitu ambavyo mkulima mmoja mmoja asingeweza kuvitunza shambani kwake: mbegu, dawa za wadudu na magugu, mafuta ya trekta, na mbolea ya nitrojeni kwa tani. Katika maeneo ya kilimo kikubwa ya Marekani mbolea hiyo huwekwa kwa sura mbili zinazodai uangalifu wa pekee. Moja ni amonia kavu, yaani amonia isiyochanganywa na maji, ambayo hufungiwa kwenye matangi ya chuma. Nyingine ni amoniamu nitreti, punje nyeupe zinazomwagwa lundo au kufungwa kwenye mifuko. Zote mbili hulisha watu, na zote mbili zimeua watu. Swali la maadili linalozaliwa hapo ni kongwe kuliko elimu ya kemia: anayeweka kitu cha hatari katikati ya majirani zake ana deni gani kwao, na deni hilo huanza lini? Huanza siku madhara yanapotokea, au lilianza zamani, siku mzigo ulipoingizwa ghalani na mlango ukafungwa?

Jibu linalotetewa hapa ni la pili. Kosa la mwenye ghala, kama lipo, hutendeka katika siku za kimya, wakati hakuna moshi wala king'ora. Mlipuko unapokuja hulifichua tu.

Kupiga marufuku vitu hivi si jibu. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na hidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 kampuni ya BASF ikaanza kuitengeneza kwa wingi huko Oppau, Ujerumani. Karibu nusu ya watu wa dunia ya leo hula chakula ambacho kisingepatikana bila nitrojeni ya kiwandani. Anayedai ghala zote zifungwe inambidi aseme pia ni nani atakayelala na njaa. Lakini Oppau hiyohiyo ndiyo iliyotoa onyo kubwa la mapema. Mbolea ya amoniamu salfeti iliyochanganywa na amoniamu nitreti ilikuwa ikigandamana ghalani, na wafanyakazi walizoea kuilegeza kwa baruti kidogo. Walifanya hivyo maelfu ya mara bila dhara. Tarehe 21 Septemba 1921 mbolea yenyewe ililipuka, na zaidi ya watu 500 wakafa. Hayo maelfu ya mara yanastahili kukumbukwa kila anapotokea mtu akasema kwamba kazi imefanywa hivi miaka yote na hakuna kilichotokea.

Hatari za vitu hivi viwili hazifanani, na tofauti yao ina uzito katika hoja inayofuata. Amonia hujitangaza. Huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo ikitoka kwenye tangi hugeuka mara moja kuwa mvuke wenye baridi kali. Pua huinusa ikiwa bado ni sehemu chache tu katika milioni za hewa, na ikifika sehemu 300 tayari uhai uko hatarini. Huyakimbilia maji popote yalipo, na kwa binadamu maji yaliyo karibu ni ya macho, koo na mapafu. Kanuni za kuishika zimetokana na tabia hizo. Tangi halijazwi kupita asilimia 85, kwa sababu kimiminika hutanuka jua linapopanda. Koki na viungio havitengenezwi kwa shaba wala zinki, kwa kuwa amonia huvila. Mpira wa kupitishia hubadilishwa tarehe iliyopigwa chapa juu yake inapofika, hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Mfanyakazi anayejaza tangi la tela la mkulima husimama upande unakotoka upepo. Huvaa miwani iliyoziba pande zote na glavu ndefu za mpira zilizokunjwa ncha, ili tone lisiteremke hadi kwapani anapoinua mikono. Mfukoni huwa na chupa ndogo ya maji. Akimaliza kujaza hafungui kiungio papo hapo. Hufungua kwanza koki ndogo ya kutolea mabaki, mvuke mweupe ukatoka kwa mluzi, naye akangoja mpaka mluzi ukome. Ni muda mfupi tu, lakini ndio ambao mtu aliyechoka jioni ya msimu wa kupanda hutamani kuuruka. Tela lenyewe hubeba kiasi cha lita 20 za maji, kwa kuwa aliyerukiwa machoni huoshwa palepale, kwa muda usiopungua dakika 15, na hangojewi gari la wagonjwa kwanza. Nguo iliyogandia ngozini haivutwi. Humwagiwa maji hadi iachie yenyewe.

Kanuni hizo zimeandikwa kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 13 Julai 1973, kwenye kiwanda cha mbolea cha Potchefstroom, Afrika Kusini, tangi lilipasuka na tani 38 za amonia zikatoka. Watu 18 walikufa, baadhi yao wakiwa nje ya uzio. Dakar, tarehe 24 Machi 1992, tangi la lori lililokuwa limejazwa kupita uwezo wake lilipasuka katika kiwanda cha kusindika karanga. Waliokufa walikuwa 129.

Amoniamu nitreti haina tabia ya kujitangaza. Hainuki kwa kutisha, haichomi mkono, na yenyewe haiwaki. Hatari yake ni kwamba imebeba oksijeni ndani yake na huugawia moto. Huyeyuka kwenye nyuzi karibu 170, na ikizidi kupashwa joto mahali palipobanwa, au ikachanganyika na mafuta, vumbi la mbao, salfa, klorati au unga wa metali, yaweza kulipuka yote kwa mara moja. Ndiyo maana hutakiwa kukaa peke yake katika jengo lisilowaka, juu ya sakafu ya zege isiyo na mashimo ambamo ikiyeyuka itatuama, penye hewa ya kutosha na vinyunyizio vya maji vinavyojifungua vyenyewe. Moto ukishaifikia na kushika, kanuni ni moja: watu waondoke, na waende mbali.

Mji wa West katika jimbo la Texas uko kati ya Dallas na Waco. Mwaka 2013 ulikuwa na watu wapatao 2,800, wengi wa asili ya Kicheki. Kampuni ya mbolea ya mji huo ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ghala lake lilipokuwa limezungukwa na mashamba. Miaka ilivyokwenda mji ulilifuata. Nyumba za kupanga, makao ya wazee na shule vilijengwa karibu nalo, na shule moja ilikuwa umbali usiofika mita 200. Ndani ya jengo la mbao, kwenye vyumba vya mbao, jirani na chumba cha mbegu, palihifadhiwa amoniamu nitreti. Vinyunyizio vya maji havikuwepo. Nje palikuwa na matangi mawili ya amonia kavu.

Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, saa 1 na dakika 29 usiku, taarifa ya moto ilitolewa. Wazimamoto wa kujitolea, watu waliokuwa na kazi zao nyingine mchana, walifika na kuanza kupeleka maji. Saa 1 na dakika 51 ghala lililipuka. Tani 30 hivi za amoniamu nitreti zilichimba shimo la upana wa karibu mita 28. Watu 15 waliuawa, 12 kati yao wakiwa wazimamoto na wengine waliokwenda kusaidia. Zaidi ya 260 walijeruhiwa. Makao ya wazee na nyumba za kupanga viliharibika vibaya. Shule nazo ziliharibika, ila zilikuwa tupu kwa kuwa saa za masomo zilikuwa zimekwisha. Matangi ya amonia hayakupasuka.

Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa. Mwaka 2011 kampuni ilikuwa imewasilisha kwa shirika la mazingira la Marekani, EPA, mpango wake wa kukabili ajali. Mpango ulizungumzia amonia, na ajali mbaya kuliko zote iliyofikiriwa ilikuwa kuvuja kwa gesi kwa muda mfupi bila kumdhuru mtu. Moto na mlipuko havikuhesabiwa. Fomu iliuliza habari za amonia kwa sababu amonia imo katika orodha ya shirika hilo. Amoniamu nitreti haimo. Basi macho yote yakaelekezwa kwa kitu kinachonuka, na lundo jeupe lililokaa kimya likaachwa.

Watu wanapotafuta maana ya msiba wa namna hii, jibu la kwanza kuwajia huwa ni kudra. Waswahili husema ajali haina kinga, na msibani, kwa Waislamu na Wakristo vilevile, husikika kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo yana heshima yake. Humsaidia mfiwa kubeba kisichobebeka, na si adabu kumbishia mtu aliyekaa kwenye jamvi la matanga. Kosa huingia pale faraja ya mfiwa inapoazimwa na mwenye ghala na kufanywa utetezi. Imani kwamba kila jambo hutokea kwa idhini ya Mungu haikuwahi, katika mafundisho ya dini yoyote kati ya hizo mbili, kufuta wajibu wa kujihadhari. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, inajulikana na kila mtoto wa madrasa: alielekezwa afunge kwanza, kisha ategemee. Khalifa Umar naye, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi. Swahaba mwenzake Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu, na jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kudra moja na kuingia katika nyingine. Kwa fikra hiyo, zege, vinyunyizio na nafasi tupu kati ya mbolea na mbao ni sehemu ya kudra sawa na moto wenyewe, na aliyepewa uwezo wa kuviweka ataulizwa juu yake.

Upande wa Ukristo hoja hutokea kwa njia nyingine. Injili ya Mathayo inasimulia jinsi Yesu alivyokataa kujitupa kutoka kinara cha hekalu akitarajia malaika wamdake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Anayetunza tani za amoniamu nitreti ndani ya mbao kavu, akaendelea kutumaini kwamba lisilotokea jana halitatokea kesho, anadai muujiza wa kila siku bila kuuomba kwa maneno. Thomas Aquinas katika karne ya 13 alifafanua jambo hilo kwa upande wa ujuzi: kutojua kile ambacho mtu anawajibika kukijua, na anaweza kukijua, ni dhambi ya uzembe. Kabla yake Aristotle alikuwa amekwisha kusema kwamba mtu huadhibiwa hata kwa kutojua, pale kutojua kwenyewe kunapotokana naye. Mfugaji wa kuku asiyejua tabia ya amoniamu nitreti hana lawama. Aliyeifanya biashara yake kwa miaka mingi hawezi kujitetea kwa kutojua.

Na tabia hiyo ilijulikana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatenganisha kesi mbili za ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe. Kama ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Kama alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, mwenyewe akaonywa na asimfunge, hatia ni yake, tena nzito. Onyo juu ya amoniamu nitreti lilikwisha kutolewa Oppau mwaka 1921. Lilitolewa tena katika jimbo lilelile la Texas: tarehe 16 Aprili 1947, kwenye bandari ya Texas City, meli Grandcamp iliyobeba tani 2,300 hivi za mbolea hiyo ilishika moto na kulipuka, na waliokufa hawakupungua 581. Kati ya msiba huo na wa West ni miaka 66 na siku moja. Texas City nako wazimamoto walikuwa wamesimama karibu, wakipambana na kile walichodhani ni moto wa kawaida.

Jibu la pili ni la nia. Mwenye ghala hakukusudia. Huenda hata hakuanzisha moto. Mwaka 2016 ATF, shirika la Marekani linaloshughulikia silaha na milipuko, lilitangaza kwamba moto wa West uliwashwa kwa makusudi, ingawa hakuna aliyetiwa hatiani. Tuseme ni kweli. Aliyewasha, kama yupo, ana hatia ya moto. Lakini ghala la mbao laweza kuungua kwa njia nyingi, kwa radi, kwa nyaya za umeme, kwa sigara, kwa mkono wa adui, na mtunzaji hapaswi kuchagua ni moto wa aina gani atakaojikinga nao. Moto ni wa mmoja. Kugeuka kwa moto kuwa mlipuko ni habari ya jinsi mzigo ulivyowekwa. Torati hiyohiyo, katika sura ya 22 ya Kutoka, humtoza aliyewasha moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani, na haiulizi kama alimchukia jirani huyo.

Hapa fiqhi ya Kiislamu ina mgawanyo wenye faida. Mwenye kushika mali ya mtu kwa amana hatozwi ikipotea, isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Na uzembe hupimwa kwa desturi ya watunzaji wa kitu cha namna ile. Mtunza vito hupimwa tofauti na mtunza kuni. Kipimo hicho kikipelekwa kwenye ghala la mbolea, swali la nia huanguka lenyewe. Haulizwi mtu alitaka nini, anaulizwa alitunza vipi. Sheria ya Kiingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1868 katika kesi ya Rylands na Fletcher. Ilisema kwamba anayeleta kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, anakiweka kwa hatari yake mwenyewe, hata bila uzembe. Kanuni hiyo ilifika Kenya na Tanzania pamoja na sheria nyingine za Kiingereza.

Jibu la tatu ndilo linalosikika zaidi ofisini: sheria zilifuatwa. Kwa West hata hilo lina mashaka, lakini tulikubali kwa ajili ya hoja. Texas haikuwa na kanuni ya moto ya jimbo zima. Wakaguzi wa OSHA, shirika la usalama kazini, mara ya mwisho waliingia pale mwaka 1985, wakaondoka baada ya kutoza faini ya dola 30. Mtu aweza kusema: kama serikali yenyewe haikuona shida, mfanyabiashara wa mji mdogo angeona nini? Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mkaguzi huja mara moja katika miaka 28. Mwenye ghala hufungua mlango kila asubuhi. Ujuzi wa lundo lile, ukavu wa mbao zile, umbali wa dirisha la darasa, vyote viko kwake kwanza. Sheria hueleza kiasi ambacho mtu akipunguza ataadhibiwa. Haielezi kiasi kinachomtosha jirani.

Mwanafalsafa Mwingereza William Clifford aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli kuukuu aliyejishawishi, kwa kuwa ilikwisha kuvuka bahari mara nyingi, kwamba itavuka tena. Aliituma ikiwa imejaa wahamiaji, kwa moyo mweupe kabisa, nayo ikazama. Clifford anamhukumu, kisha anabadilisha kisa: tuseme meli ilifika salama. Hukumu yake haibadiliki hata chembe. Mwenye meli hakuwa na haki ya kuamini alichoamini, kwa sababu hakukipata kwa uchunguzi. Alikipata kwa kunyamazisha shaka. Karibu karne moja baadaye wanafalsafa Thomas Nagel na Bernard Williams walionyesha jinsi inavyokuwa vigumu kwa watu kuhukumu hivyo. Wenye ghala wawili wakizembea sawasawa, mmoja akaunguliwa na mwingine la, dunia humlaani wa kwanza na kumpa wa pili mkono wa heri. Hisia hiyo ina nguvu na pengine haitakwisha. Lakini kwa habari ya mbolea Clifford ndiye anayestahili kufuatwa, kwa sababu kipimo cha matokeo huchelewa mno. Kwa zaidi ya miaka 50 matokeo yalisema West ni salama. Kila siku iliyopita bila moto ilihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali haikuthibitisha lolote isipokuwa kwamba moto bado haujaja.

Kuna ugumu mwingine ambao hauishi kwa mwenye ghala peke yake. Ghala lilitangulia, mji ukafuata. Je, anayejenga karibu na hatari hakuikubali? Mishna ya Wayahudi, katika sehemu iitwayo Bava Batra, inaagiza viwanda vya ngozi na viwanja vya kupuria nafaka viwe dhiraa 50 nje ya mji, na viwanda vya ngozi viwe upande wa mashariki tu, kwa kujali upepo. Wanasheria wa miji ya zamani ya Kiislamu nao walibishana sana juu ya tanuri na viwanda vya ngozi, na juu ya haki ya aliyetangulia. Kuna haki fulani kweli kwa aliyetangulia: si uungwana kuhamia jirani na mhunzi kisha kulalamikia nyundo. Lakini mtu hukubali anachokijua. Nyundo husikika na ngozi hunuka. Amoniamu nitreti haina lolote la kumwonya mpita njia. Tena miongoni mwa waliokaa karibu na ghala la West walikuwamo wanafunzi waliopelekwa shule na wazee waliowekwa kwenye makao. Hakuna aliyewauliza. Bodi ya shule iliyoidhinisha jengo, mji uliotoa kibali, na kampuni iliyonyamaza ikiona msingi unachimbwa, kila mmoja ana sehemu yake. Deni la wengi lina tabia mbaya ya kuonekana kama si la mtu, ingawa kugawanywa hakulipunguzi: kila mmoja kati yao angeweza peke yake kusimamisha jambo lile kwa kusema tu kilichomo ndani ya jengo la mbao.

Deni zito kuliko yote lilikuwa kwa wazimamoto. Baada ya maafa ya Bhopal nchini India mwaka 1984, Marekani ilitunga mwaka 1986 sheria ya haki ya jamii kujua kemikali zinazohifadhiwa jirani nayo. Kampuni ya West ilijaza fomu chini ya sheria hiyo na kutaja hadi tani 270 za amoniamu nitreti. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye karatasi hadi kwa mtu aliyeshika mpira wa maji: mafunzo, mpango uliokubaliwa kabla, mtu wa kusema kwa sauti kwamba moto ukifika kwenye chumba kile wote waondoke. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya Marekani, CSB, uliomalizika mwaka 2016, ulirudi kwenye jambo hili mara nyingi.

Dini nyingi zinamtukuza mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya wengine, na wale 12 wanastahili sifa hiyo bila kupunguziwa. Hata hivyo sifa inaweza kutumika vibaya. Sadaka ya uhai ina thamani yake kwa sababu anayetoa anajua anachotoa na anapata nini kwa ajili ya wenzake. Anayepelekwa mbele ya lundo bila kuambiwa lilivyo amenyimwa hata nafasi ya kuchagua ushujaa wake. Pale dakika zisizofika 22 za kazi yao zilipoweza kutumiwa kuwaondoa watu waliokuwa karibu, baadhi zilitumika kumwagia maji moto ambao usingezimika. Kuwaita mashujaa, kisha kunyamaza kuhusu nani alipaswa kuwaambia, ni kuwalipa kwa sarafu isiyo yao.

Afrika Mashariki haina ghala nyingi za namna ya West. Wakulima wake hawachomi amonia kavu ardhini, na mbolea ya kukuzia iliyo maarufu ni urea na CAN. Hii ya pili ni amoniamu nitreti iliyochanganywa na chokaa hadi nitrojeni ikashuka kufikia asilimia 26 hivi, na chokaa hiyo huipunguzia sana uwezo wa kulipuka. Hatari ni ndogo, lakini swali halibadiliki. Katika duka la pembejeo la kituo cha biashara si ajabu kukuta mifuko imepangwa hadi darini bila chaga chini yake, dumu la petroli la pikipiki likiwa pembeni, na dawa za wadudu rafu moja na mbegu. Mwenye duka anayetenga dumu lile, akainua mifuko kwenye chaga, akaacha njia kati ya rundo na ukuta na kumwonyesha jirani kizimamoto kilipotundikwa, amelipa sehemu ya deni ambalo huenda hakuna atakayemdai kamwe.

Linabaki suala la fidia. Mapokeo yote yaliyotajwa hapa yana namna ya kulipa baada ya dhara: Torati ina malipo ya shamba lililoungua, fiqhi ina dhamana na diya, sheria ya Kiingereza ina kesi ya madai. Yote yanadhani kwamba aliyedhuru anacho cha kulipia. Kampuni ya West ilikuwa na bima ya dola milioni 1, na sheria ya Texas haikuilazimisha kuwa hata na hiyo. Hasara ilikadiriwa kupita dola milioni 100. Mtu aliyeshika kitu ambacho dhara lake linazidi mali yake yote mara mia hawezi kusema kwamba kikiharibika atalipa. Kwake malipo yanayowezekana ni yale ya kabla: kuweka kidogo kuliko anavyoweza kuuza, kununua aina isiyolipuka kwa urahisi, kujenga kwa zege, kukata bima inayolingana na shule iliyo jirani, na kama hayo yote yanamshinda, kutokiweka kabisa. Mwaka 2015 bunge la Texas lilipitisha sheria inayowapa wakaguzi wa moto haki ya kuingia katika ghala za amoniamu nitreti, na inayotaka vitu vinavyowaka vikae futi 30, yaani kama mita 9, mbali nayo. Kanuni za EPA za kuzuia ajali zilifanyiwa marekebisho mwaka 2017, na amoniamu nitreti haikuingizwa katika orodha yake. Kwa hiyo hizo mita 9, au zaidi yake, zinategemea bado kwa sehemu kubwa uamuzi wa mtu mwenye ufunguo.